Nani ana nafasi kwenye mkeka

Bibi yangu mzaa mama hakukubali ugomvi uongelewe watu wamesimama. Ukija kwake umevimba, unataka kusema fulani kanifanyia hivi na hivi, anakuacha kwanza mpaka ukae, na kukaa kwenyewe siyo kwenye kiti, ni chini kwenye mkeka, miguu umekunja, unaletewa maji ya kunywa, unayanywa, ndo anakuambia haya sema. Alikuwa anasema mtu aliyesimama miguu yake ishaanza safari. Mi nikiwa mdogo nilidhani ni tabia tu za wazee wa Newala. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nimeolewa Nachingwea, nalima ufuta, na vita ishafika ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji.

Naandika haya kwasababu kijana mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp la kijiji aliniuliza, dada hiyo amani ya asili mnayoiimba kila siku, kupatana kwa njia za wazee, ipo kweli au ni maneno ya semina? Nikamjibu kwa sauti dakika tatu hivi. Jibu halikumtosha, na mimi mwenyewe nililala nikiona halijanitosha. Sasa hili ndo jibu lenyewe, refu, anayeweza asome.

Aliyewahi kufika Newala anapajua Shimo la Mungu. Unasimama ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ardhi inakatika ghafla, chini bonde, mbali kabisa kamstari ka Ruvuma, halafu Msumbiji. Bibi alikuwa ananionyesha kule kwa kidole kama unavyomuonyesha mtu nyumba ya jirani, kule yupo dada yangu, kule kaolewa fulani, kule kazikwa mjomba. Neno mpaka sijawahi kulisikia mdomoni mwake, alisema ng'ambo. Siyo kwamba tulikuwa malaika, watu wa huku waliwaita Wamakonde wa kule Wamawia na neno lenyewe halikusemwa kwa heshima kila mara, lakini msiba ukitokea mtumbwi unavuka, na mtoto akienda jando au unyago wa ng'ambo wanajua.

Na hili la kupokeana lina historia ndefu ambayo vijana wengi hawaambiwi. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwapiga risasi watu Mueda, kule Msumbiji, watu waliokuja mkutanoni kudai haki yao, na baada ya pale watu wakawa wanavuka mto kuja kwetu. Vita ya FRELIMO ya kuwaondoa Wareno ilipoanza, 25 Septemba 1964 pale Chai, jimbo la Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma, wakavuka maelfu. Hapa Nachingwea ndo wapiganaji walipofundishwa, Farm 17, jina ambalo tulirithi kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza. Wazee wa hapa mpaka leo wanakusimulia walivyokuwa wanapeleka muhogo na kuku kule, na mabinti walioolewa na wale vijana wakaondoka nao baada ya uhuru wa Msumbiji, Juni 1975. Mama mkwe wangu ana shoga yake aliyeondoka hivyo. Kwahiyo mtu akiniambia watu wa kule ni wakimbizi tu, mi naona kama hajakaa na wazee.

Halafu ikaja tarehe 5 Oktoba 2017, mji wa Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Mwanzoni tulisikia kama habari ya mbali, polisi wameshambuliwa, basi. Mwaka ukapita, mingine ikafuata, vijiji vinachomwa, watu wanachinjwa, hao jamaa, waasi wanaosema wanapigania dini, kule wanaitwa mashababi. Oktoba 2020 wakavuka wakashambulia Kitaya, upande wetu kabisa, kando ya Ruvuma. Machi 2021 wakauvamia mji wa Palma, kule kule Cabo Delgado. Na tusijidanganye kwamba ni jambo la watu wa kule peke yao, inajulikana kati ya wapiganaji wamekuwemo vijana wa Kitanzania. Yani kuna mama hapa hapa kusini ambaye hajui mwanae yuko wapi, na haulizi kwa sauti.

Baada ya Palma, mjukuu wa yule dada yake bibi alitokea kwa mama yangu usiku. Amevaa kanga moja, nyingine kambebea mtoto, mkononi ana begi la shule la mtoto mwingine ambaye hayupo. Mama hakumuuliza kuhusu lile begi. Alimtandikia mkeka, akampa maji, akachemsha uji wa muhogo, na siku nne nzima hakuna aliyemuuliza kitu. Siku ya tano akaanza kusema mwenyewe akiwa anabangua korosho, macho kwenye korosho, mikono haisimami, na mama akawa anaitikia tu eeh, eeh, eeh, hakumkatisha hata mara moja. Nilikuwepo. Nimekaa kwenye mafunzo ya ushauri nasaha mara mbili maishani mwangu na sijaona mtu akifanya ile kazi vizuri kuliko mama yangu siku ile.

Siku ya kumi na moja waliokuja kuhakiki wageni wakamchukua, akarudishwa kule pamoja na wenzake kupitia Mtambaswala, lile Daraja la Umoja ambalo lilifunguliwa mwaka 2010 kwa shangwe. Mwaka 2021 walirudishwa maelfu kwa njia ile. Naelewa hofu, Kitaya watu walikufa na serikali ina wajibu wa kulinda, hilo silibishii. Ila mama alikuwa tayari ameshamtafutia kipande cha shamba kwa kaka yake, mjomba ameshakubali, hata jembe lilikuwa limeshatafutwa. Ile ndo maendeleo ya jamii, jamani. Kule Cabo Delgado penyewe, ambako waliohama makwao walikaribia milioni moja, wengi hawakulala kambini, walilala kwa ndugu na kwa watu ambao siyo ndugu lakini walifungua mlango. Kabla lori la mchele halijafika kulikuwa na sufuria la mtu ambaye naye alikuwa hana. Sufuria hilo halimo kwenye ripoti yoyote niliyowahi kuonyeshwa.

Sasa twende kwenye utani wa makabila maana hapa ndo yule kijana alinishika, akasema utani ni kuchekeshana tu.

Siyo. Babu yangu mzaa baba alikuwa Myao wa Masasi, na Wayao watani wao ni Wangoni. Utani huo haukutoka kwenye kucheka. Mwaka 1882 Wangoni, enzi hizo wakiitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma, wakaondoka na mateka, hata watu wa misheni walichukuliwa. Watu waliofanyiana hivyo wakaja kutengeneza uhusiano ambao unampa adui wa zamani ruhusa ya kuingia nyumbani kwako siku ya msiba na kukutukana mbele ya watu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Fikiria akili iliyotumika pale. Wamechukua kidonda wakakipa kazi ya kufanya.

Babu alipofariki, baba yangu na mdogo wake walikuwa hawaongei mwaka wa sita, sababu mikorosho. Wamekaa msibani kila mtu na upande wake, wazee wanaona, hakuna anayethubutu. Wakati wa kutoa jeneza, mama mmoja wa Kingoni, mtani, mtu mzima ana miaka sitini huko, akalala mlangoni. Chali kabisa, kwenye kizingiti. Akasema mzee huyu hatoki, hawezi kutoka nyumba ina harufu, mpaka hao watoto wake wawili wanilipe faini ya kuniumiza pua. Watu wakacheka kidogo, wakanyamaza. Akasema siondoki, na wakilipa wasilipe mmoja mmoja, nataka noti moja iliyoshikwa na mikono miwili. Ilichukua muda. Jua lilikuwa kali, watu wamesimama, jeneza limesimama, shehe kasimama. Ndo baba akatoa elfu tano, akaishika ncha moja, na baba mdogo akaja akaishika ncha nyingine, wakampa wakiwa wanalia wote wawili. Hakuna mjomba, hakuna mwenyekiti wa kitongoji, hakuna shehe ambaye angeweza kusema lile neno siku ile. Mtani peke yake.

Lakini, na hapa ndo kwenye jibu lenyewe, utani unafanya kazi kwasababu yule mama ana nafasi. Anajulikana ni nani kwetu. Swali ambalo limekuwa likinisumbua miaka hii ni la mtu ambaye hana nafasi yoyote. Siyo ndugu, siyo mtani, siyo mkwe. Akikosana na wewe anakaa wapi?

Wenyeji wa Lindi wataelewa naongelea nini. Huku kwetu ng'ombe hatukuwa nao kama desturi, mbung'o walikuwa wengi. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji bonde la Usangu ili maji ya Ruaha yapone, na wengi wakaelekezwa mkoa wa Lindi, Kilwa, Liwale, Nachingwea na kwingine. Wasukuma, Wabarabaig, na ng'ombe zao. Hakuna aliyekaa na sisi akatuuliza, na sidhani kama kuna aliyekaa na wao pia. Tuliamka tukaona ng'ombe. Toka hapo kila msimu kuna habari, mashamba yameliwa, mtu kakatwa panga, ng'ombe wamekatwa miguu, na mimi sijawahi kuona kitu kibaya kama ng'ombe aliyekatwa mguu akiwa anajaribu kusimama.

Miaka kadhaa nyuma, mwezi wa sita, ikafika kwetu. Wifi yangu alikuwa ameshavuna ufuta, ameufunga matita, ameusimamisha shambani ukauke. Anayelima ufuta anajua hatua ile, ndo hatari kuliko zote, vile vibuyu vidogo vikishafunguka ukigusa tu tita mbegu zinamwagika kama maji, ndo maana tunatandika turubai kwanza kabla hata ya kusogea. Usiku ng'ombe wakapita. Hawakula sana, walipita tu. Asubuhi nilimkuta wifi kapiga magoti anachota mchanga kwa viganja anauweka kwenye chekeche, anachekecha, anachagua, ufuta mweupe kwenye mchanga mwekundu, alikuwa anafanya vile toka alfajiri na alikuwa amepata kama sahani moja. Halii. Ningependa angelia.

Vijana wakakimbia wakakamata ng'ombe jike mmoja na mvulana aliyekuwa anachunga, mtoto wa miaka kumi na mbili hivi aliyepitiwa na usingizi. Wakamleta na kamba. Panga zipo. Baba wa mtoto akaja nyuma, na ndugu zake wanne, fimbo zipo. Nakuambia ukweli nilijua leo kuna maiti.

Mzee mmoja wa Kimwera, ambaye kwetu watu wakigombana ndo anaitwa, alifika kwa baiskeli. Kitu cha kwanza hakuangalia vijana wala wafugaji, akasema huyu ng'ombe mmempa maji? Kimya. Akasema mpeni maji, na huyo mtoto mpeni maji, na mkeka uko wapi. Nikakimbia mimi kuchukua mkeka kwa wifi. Akakaa yeye kwanza chini ya mwembe, akanyoosha mguu wake unaomuuma, akasubiri. Dakika kumi watu wamesimama, wanamuangalia mtu mzima kakaa peke yake. Wifi ndo alikaa wa pili. Halafu yule baba wa Kisukuma akaweka fimbo yake chini, akakaa, kwenye vumbi, pembeni ya mkeka. Mzee akamwambia sogea.

Nilitegemea aanze na ufuta. Hakuanza na ufuta. Akamuuliza, baba yako alizaliwa wapi? Shinyanga. Ulikulia wapi wewe? Usangu. Baba yako yu hai? Hapana mzee. Alifia wapi? Yule mtu akanyamaza kidogo akasema alifia njiani, tulipokuwa tunahama, tulifika naye Kilwa akafia Kilwa. Mmemzika wapi? Hapo hapo Kilwa. Mzee akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema, kwahiyo una kaburi huku kwetu. Sasa wewe siyo mpita njia, mtu mwenye kaburi la baba yake ni wa hapa, na kuanzia leo mimi ni mtani wako, na kama mtani wako nakuambia hivi, mtoto umpe ng'ombe arobaini achunge usiku una akili wewe? Na nyie, akawageukia vijana wetu, mtoto mdogo mnamfunga kamba kama mbuzi, mama zenu wangewaona?

Watu walicheka. Siyo cheko kubwa, lakini ile pumzi ilitoka, unaisikia kabisa ikitoka.

Baada ya hapo ndo hesabu. Akawaambia wanawake watatu waende shambani wakapime, siyo wanaume, maana wanawake ndo walifunga yale matita. Wakarudi wakasema debe 9 zimepotea. Yule baba hakuwa na hela ya debe 9 na akasema hivyo waziwazi. Wakakaa mpaka alasiri. Mwisho ikawa hivi, sehemu atalipa kwa pesa akiuza ndama, na iliyobaki atakuja msimu wa kulima na maksai wake na plau amlimie wifi ekari 2. Kwa rehani akaacha yule ng'ombe jike. Huku sisi tunalima kwa jembe la mkono, ekari 2 kwa mama peke yake ni wiki na wiki, mgongo unakatika. Alikuja kweli. Mwezi wa kumi na mbili asubuhi na mapema tukasikia watu wanapigia ng'ombe kelele, tukatoka, ameshafungua mtaro wa kwanza. Majirani wakasimama kuangalia, na kabla jua halijafika kichwani watu watatu walikuwa wameshamuuliza ekari moja unalima kwa bei gani. Mwaka uliofuata samadi ikaanza kuombwa. Hakuna mradi ulioleta lile plau kijijini kwetu. Liliingia kama faini.

Ningeweza kuishia hapa na ningekuwa nimewadanganya.

Mwaka uliofuata kundi lingine likaingia mashambani, kubwa, ng'ombe mia na kitu, na wachungaji walikuwa vijana wa kuajiriwa. Mwenye ng'ombe anaishi mjini, watu wengine walisema Dar, wengine Morogoro, hajulikani. Mzee akaja na baiskeli yake vilevile, akaomba mkeka, akakaa. Wale vijana wakamwambia sisi mzee hatuna la kusema, mwenye mali hayupo, na simu yake hapokei. Nani akae? Nani aulizwe kaburi la baba yake? Jioni ile ile kijana wetu mmoja alikatwa mkono, mfupa ulionekana, na mchungaji mmoja alipigwa mpaka akapoteza jicho. Mzee alikaa pale mpaka giza. Nilimuona anakunja mkeka mwenyewe.

Mi naona hapo ndo amani yetu ya asili inapofikia mwisho wa nguvu zake, na inabidi tuseme hivyo waziwazi badala ya kuisifia kwenye makongamano. Inamuweza mtu aliyepo. Mwenye jina, mwenye mtoto, mwenye kaburi. Lakini ugomvi mwingi wa sasa hivi mwenyewe hayupo. Chukulia gesi. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka moto kwasababu ya bomba la kwenda Dar, nilikuwa na mdogo wangu wa kiume mjini wakati ule, ana miaka 22, hana kazi, na siku bajeti ya nishati inasomwa Dodoma mwezi wa tano nilimpigia simu mara ishirini anakata. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, jeshi likaletwa. Baadae wazee wakaitwa kuwatuliza vijana. Mdogo wangu aliniuliza kitu ambacho sijakisahau, dada hao wazee waliitwa kabla au baada? Kabla walikaa na nani?

Ukiangalia kule ng'ambo ni jambo lile lile lakini mara mia. Rubi, yale mawe mekundu ya thamani, ziligunduliwa Montepuez 2009, gesi ya pwani ya Cabo Delgado mwaka uliofuata, na vijana waliokuwa wakichimba kwa mikono wakafukuzwa, wavuvi wakahamishwa, wenye mali wako mbali sana, hata mkeka ungetandikwa mpaka Palma wasingeuona. Halafu anatokea mtu anamwambia kijana njoo kwangu wewe una nafasi, una kazi, una jina. Silaumu dini, na silaumu kabila. Nasema kijana aliyekosa nafasi kwenye mkeka wa kwao atakaa kwenye mkeka wowote atakaotandikiwa.

Na tuwe wakweli, cha kienyeji siyo lazima kiwe cha amani. Maji ya Kinjikitile yalitoka huku huku kwetu, Ngarambe, vita ya Majimaji ya mwaka 1905. Yaliunganisha watu ambao hawakuwahi kuungana, na mimi najivunia hilo, lakini dawa haikuzuia risasi, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi zenyewe. Nilipopata habari kwamba kule Cabo Delgado, toka mwaka 2022, wamerudi Naparama, wale wapiganaji wa jadi wanaochanjwa ili risasi isiwapate, ambao walianza jimbo la Zambézia vita ya RENAMO na serikali ya Msumbiji ikielekea ukingoni, nilielewa kwanini wanakijiji wanawakubali. Mtu ameachwa peke yake msituni atashika chochote. Lakini nilikaa nikawawaza wale vijana na chale zao kifuani, na nikawawaza Wamatumbi na Wangindo walioyaamini yale maji.

Kuna kitu kingine kilinipa moyo zaidi. Wajir, kaskazini mwa Kenya, miaka ya tisini mwanzoni koo za Wasomali zilikuwa zinauana, mpaka sokoni mwanamke wa ukoo huu hamuuzii wa ukoo ule. Wanawake wachache, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, wakaanza na soko. Hawakuanza na mkataba. Walikubaliana kwanza soko liwe salama, mwanamke yeyote anunue na auze kwa yeyote, wakaweka kamati ya kusimamia, na kutoka pale ndo wakawafuata wazee, wakawafuata vijana wenye bunduki, wakawafuata serikali. Koo zikaja kukaa zikatia sahihi mwaka 1993. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, alifariki 2011 baada ya ajali ya gari. Ninachokipenda kwake ni kwamba hakungoja kualikwa kwenye kikao cha wazee, alianzia pale ambapo tayari alikuwa na nafasi, kwenye kununua na kuuza.

Naisema hii kwa uchungu kidogo maana mwaka juzi nilialikwa kwenye semina ya amani mjini, siku tatu, ukumbi wa hoteli, meza zina vitambaa vyeupe. Tulikuwa washiriki arobaini na kitu, wanawake sita. Mada ilikuwa mbinu za jadi za usuluhishi. Waliotoa mada walikuwa wazuri, wamesoma, sina neno baya juu yao kama watu. Ila siku tatu zilipita hakuna aliyeuliza ni nani alitandika ule mkeka, nani alipika, nani alipima debe 9, nani aliwapokea waliotoka Palma usiku. Mfugaji hakuwepo hata mmoja. Nilinyoosha mkono siku ya pili nikaambiwa muda umekwisha. Hela ya posho niliyopewa nilinunulia mabati ya choo cha zahanati pamoja na wenzangu wa kikundi, na ningeweza kusema hicho ndo kitu pekee cha amani nilichotoka nacho pale.

Sheria yenyewe imetangulia mbele yetu, ajabu kweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema baraza la ardhi la kijiji liwe na watu 7, na 3 kati yao wawe wanawake, na kazi yao ni kusuluhisha, siyo kuhukumu. Ni mkeka ule ule wa bibi, wameuandika tu. Vijiji vingi ninavyovijua wanawake hao watatu wapo kwenye karatasi. Kwetu tumeanza kuwafanya wawepo kweli, wifi yangu ni mmoja wao, na tumeomba mkutano mkuu uridhie mfugaji mmoja aingie kwenye kamati ya njia ya ng'ombe, ikapita kwa kura chache, kulikuwa na kelele mpaka saa kumi na mbili.

Hiyo njia ndo shughuli yetu sasa hivi. Ng'ombe wanataka kushuka mtoni na sisi tunataka mashamba yabaki, kwahiyo tunapima njia moja itakayojulikana, tumekubaliana upana wa hatua thelathini, na mafuta ya katapila tumechanga nusu wakulima nusu wafugaji. Tumeshaweka vigingi mpaka karibu na bonde. Imekwama kwenye mikorosho mitatu ya mzee mmoja iliyo katikati kabisa, aliipanda na marehemu mkewe, na hataki kusikia habari ya fidia. Kamati imemfuata mara mbili, imemkuta anapalilia, imeongea naye wote wamesimama. Jumamosi tunarudi, safari hii na mke wa yule baba wa Kisukuma, na nimeambiwa mimi nije na mkeka.